Matumizi ya Serikali na Mapato ya Rasilimali Wakati wa Mdororo wa Uchumi: Kanuni ya Shaba ya Chile, 2001–2010, na Maswali Yake kwa Tanzania

Utangulizi

Serikali inayotegemea rasilimali moja ya asili hukabiliwa na tatizo ambalo serikali inayotegemea kodi za aina nyingi hulipata kwa kiasi kidogo tu. Uchumi wa dunia unapodorora, bei ya rasilimali hiyo huanguka na mapato ya Hazina huanguka pamoja nayo. Wakati huohuo, wananchi waliopoteza ajira na wafanyabiashara waliokosa wateja huihitaji serikali kuliko walivyoihitaji mwaka uliotangulia. Tangu John Maynard Keynes alipochapisha nadharia yake kuu mwaka 1936, wanauchumi wengi wamekubali kwamba katika hali kama hiyo serikali haina budi kuongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Swali linalobaki kwa nchi ya rasilimali ni fedha zitoke wapi, hasa pale ambapo wakopeshaji nao wameingiwa na hofu.

Kwa sababu hiyo, nchi nyingi za aina hii zimejikuta zikifuata sera inayokwenda na mkumbo: hutumia sana bei inapopanda, na hubana matumizi bei inaposhuka. Barabara huanza kujengwa wakati wa neema na kuachwa nusu wakati wa dhiki. Mishahara hupandishwa katika mwaka mzuri, nayo haishuki katika mwaka mbaya. Serikali, ambayo ingepaswa kuwa kizuizi cha mtikisiko, huwa ndiyo inayouongeza.

Makala haya yanaichunguza nchi moja iliyofanikiwa, kwa kipindi fulani, kwenda kinyume na mkumbo huo: Chile katika mdororo wa mwaka 2009. Kisa cha Chile kimesimuliwa mara nyingi kama mfano mwema, na kwa sehemu kubwa kinastahili sifa hiyo. Hata hivyo, masimulizi hayo yamezoea kuipa kanuni ya bajeti sifa ambayo kwa hakika ni ya akiba iliyokuwa imewekwa. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ina uzito kwa nchi kama Tanzania, ambayo imekwisha kutunga sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi kabla mapato makubwa yenyewe hayajafika.

Jinsi kanuni ilivyofanya kazi

Shaba ya Chile ina historia ndefu ya kisiasa. Mwaka 1971, chini ya Rais Salvador Allende, Bunge lilipitisha kwa kauli moja marekebisho ya katiba yaliyotaifisha migodi mikubwa. Hata utawala wa kijeshi uliomwondoa Allende haukuirudisha migodi hiyo kwa wenyewe wa zamani. Iliwekwa chini ya kampuni ya umma ya Codelco, ambayo faida yake huingia Hazina. Migodi ya binafsi iliyofunguliwa baadaye hulipa kodi. Kwa hiyo bei ya shaba inapotikisika katika soko la London, bajeti inayoandaliwa Santiago hutikisika pia.

Hesabu ya juujuu inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tukichukua uzalishaji wa Codelco kuwa tani milioni 1.6 kwa mwaka, hizo ni takriban ratili bilioni 3.5. Bei ikipanda au kushuka kwa senti moja ya dola kwa ratili, mapato ya kampuni hubadilika kwa dola milioni 35. Bei ikishuka kwa dola moja nzima, pengo ni dola bilioni 3.5, na hapo bado hatujagusa kodi za migodi ya binafsi.

Mwaka 2001 serikali ya Rais Ricardo Lagos ilianza kutumia kanuni ya uwiano wa kimuundo. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Serikali haipangi matumizi yake kwa mapato ya mwaka husika, bali kwa mapato ambayo ingeyapata kama uchumi ungekuwa katika mwenendo wake wa kawaida na shaba ingeuzwa kwa bei yake ya muda mrefu. Bei hiyo ya muda mrefu tutaiita hapa bei rejea. Bei halisi ikiwa juu ya bei rejea, tofauti yote ni akiba. Ikiwa chini, serikali inaruhusiwa kufidia pengo kwa kutumia akiba au kukopa, bila kukata matumizi. Lengo la awali lilikuwa ziada ya kimuundo ya asilimia 1 ya pato la taifa kila mwaka.

Ugumu umo katika neno "kawaida". Nani wa kusema bei ya kawaida ya shaba ni ipi? Katika kisa cha Nabii Yusufu, miaka saba ya shibe ilifuatwa na miaka saba ya njaa, na mfasiri wa ndoto alijua idadi yake mapema. Waziri wa fedha hana ndoto ya namna hiyo. Bei inapopanda, kila waziri hushawishika kuamini kuwa imepanda kwa kudumu, na inaposhuka huamini kuwa imeshuka kwa muda tu. Imani zote mbili humruhusu kutumia zaidi.

Chile ililitatua tatizo hilo kwa kumwondolea waziri kalamu. Bei rejea hupatikana kutoka kwa kamati ya wataalamu wa nje ya serikali. Kila mmoja hutoa makadirio yake ya wastani wa bei kwa miaka kumi ijayo. Kadirio la juu kabisa na la chini kabisa huondolewa, na wastani wa yaliyosalia ndio hutumika katika bajeti. Kamati nyingine hutoa makadirio yanayotumika kukokotoa mwenendo wa pato la taifa. Matokeo huchapishwa. Ubora wa utaratibu huu hautokani na wataalamu kuwa na macho ya kuona mbali kuliko waziri. Unatokana na ukweli kwamba wao hawasimami katika uchaguzi.

Sheria ya Uwajibikaji wa Kifedha ya mwaka 2006, yenye namba 20.128, iliupa utaratibu huo mhimili wa kisheria na kuanzisha mifuko miwili: Mfuko wa Akiba ya Pensheni na Mfuko wa Utengemavu wa Kiuchumi na Kijamii. Huu wa pili ndio unaohusika zaidi hapa. Fedha zake huwekwa nje ya nchi kwa sarafu za kigeni, na uamuzi huo una maana yake. Dola za shaba zingeingizwa zote nchini wakati wa neema, peso ingepanda thamani na wauzaji wa matunda, mvinyo na samaki nje ya nchi wangeumia, jambo ambalo katika fasihi ya uchumi hujulikana kama ugonjwa wa Kiholanzi.

Ni haki kutaja pia tundu lililokuwa wazi katika jengo hili. Sheria ya zamani iliyopewa nguvu na wanajeshi ilitenga asilimia 10 ya mauzo ya nje ya Codelco kwa ajili ya ununuzi wa silaha. Bei ya shaba ilipopanda, bajeti ya silaha ilipanda nayo, iwe jeshi linahitaji au halihitaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019 tu. Wanaoisifu Chile kwa nidhamu ya matumizi aghalabu hulipita jambo hili kimya.

Gharama ya kusema hapana

Kati ya mwaka 2006 na katikati ya mwaka 2008 bei ya shaba ilikuwa juu mno. Wastani wa mwaka 2007 ulikuwa takriban dola 3.23 kwa ratili, ilhali bei rejea ya bajeti ya mwaka huo ilikuwa dola 1.21. Kwa kipimo chetu cha hapo juu, tofauti hiyo ni takriban dola bilioni 7 kwa Codelco peke yake. Ziada ya bajeti ilizidi asilimia 7 ya pato la taifa katika mwaka 2006 na pia mwaka 2007.

"Akiba haiozi" ni methali rahisi kuinukuu. Katika siasa, akiba haiozi lakini huonekana, na kila anayeiona ana hoja. Mwezi Mei na Juni mwaka 2006, wanafunzi wa shule za sekondari waliingia mitaani kudai elimu bora na nauli ya bure, wakijua fika kwamba Hazina ilikuwa imejaa. Mwishoni mwa mwaka 2008 wafanyakazi wa umma waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, na sanamu ya Waziri wa Fedha Andrés Velasco ikachomwa moto. Rais Michelle Bachelet na waziri wake walilaumiwa hata na watu wa muungano wao wenyewe kwamba wanakalia fedha wakati watu ni maskini.

Lawama hizo hazikuwa za kipuuzi, na mtafiti asizichukulie kama kelele za wasioelewa uchumi. Mtoto anayesoma katika shule mbovu mwaka 2006 hafaidiki na mfuko utakaofunguliwa mwaka 2009. Kuweka akiba nje kwa riba ndogo, badala ya kuwekeza katika shule na hospitali za nchini, ni chaguo lenye gharama, na gharama hiyo huwaangukia zaidi wale wasio na akiba yao binafsi. Utetezi wa sera ya Velasco hauwezi kusimama juu ya hoja kwamba mahitaji hayakuwepo. Unasimama juu ya hoja kwamba mwaka mbaya ungekuja, na kwamba ukija bila akiba, hao hao ndio watakaoumia kwanza.

Mwaka 2009

Mwaka mbaya ulikuja upesi. Shaba iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban dola 4 kwa ratili katikati ya mwaka 2008 ilishuka hadi karibu dola 1.30 mwezi Desemba. Wakati huo Mfuko wa Utengemavu ulikuwa na dola bilioni 20.2, na deni la serikali kuu lilikuwa karibu asilimia 5 tu ya pato la taifa.

Mwanzoni mwa Januari 2009 serikali ilitangaza mpango wa dola bilioni 4, sawa na takriban asilimia 2.8 ya pato la taifa. Dola bilioni 1 zilikwenda kuongeza mtaji wa Codelco ili miradi yake isikwame. Dola milioni 700 zilitengwa kwa ajili ya miundombinu. Kodi ya stempu kwenye mikopo ilisitishwa kwa muda, ruzuku ikatolewa kwa waajiri wa vijana wenye kipato kidogo, na familia za kipato cha chini zikapewa mkupuo wa peso 40,000 kwa kila mtegemezi. Malipo hayo ya familia yanafaa kutiliwa maanani. Yaliweza kutoka mapema kwa sababu rejesta za posho za familia zilikuwepo tayari. Nchi isiyo na rejesta ya namna hiyo inaweza kuwa na fedha na bado ikashindwa kuzifikisha kwa wahusika kabla mdororo haujapita; akiba isiyo na mfereji hubaki kuwa takwimu katika taarifa za benki.

Katika mwaka huo serikali ilitoa zaidi ya dola bilioni 9 kutoka mfukoni, na mwisho wa mwaka salio lilikuwa dola bilioni 11.3. Uchumi ulisinyaa, lakini kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 tu, kisha ukaanza kupanda. Velasco, ambaye sanamu yake ilichomwa, aliumaliza muhula huo akiwa miongoni mwa mawaziri waliopendwa zaidi nchini. Kulikuwa na malalamiko pia: dola za mfuko zilipouzwa sokoni ili kupata peso za matumizi, peso iliimarika, na wauzaji wa bidhaa nje walihisi wanaadhibiwa kwa mara nyingine.

Kanuni iliyopinda

Hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapohitaji kusahihishwa. Wastani wa bei ya shaba katika mwaka 2009 ulikuwa takriban dola 2.34 kwa ratili. Bei rejea ya bajeti ya mwaka huo ilikuwa dola 1.99. Maana yake ni kwamba, kwa mwaka mzima, shaba iliuzwa kwa bei iliyo juu ya bei rejea. Kwa upande wa shaba ya Codelco, kanuni yenyewe ilikuwa ikiidai serikali iendelee kuweka akiba, ingawa kidogo, na wala haikuwa ikiiruhusu kuchota.

Kilichowezesha matumizi makubwa ni mambo mengine. Mapato ya kodi yalipungua na kanuni iliruhusu upungufu huo ufidiwe. Hilo lilikuwa halali kabisa. Lakini pia lengo lenyewe lilishushwa. Lilikuwa limepunguzwa tayari kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.5 kwa mwaka 2008, nalo likashushwa hadi sifuri mwaka 2009. Isitoshe, punguzo la kodi la muda lilihesabiwa kana kwamba halikuathiri uwiano wa kimuundo. Kamati iliyoongozwa na Vittorio Corbo, gavana wa zamani wa benki kuu, ilipopitia mbinu za ukokotoaji baada ya serikali kubadilika mwaka 2010, ilibainika kwamba kwa hesabu iliyosahihishwa mwaka 2009 ulikuwa na nakisi ya kimuundo ya takriban asilimia 3 ya pato la taifa.

Kwa maneno mengine, kanuni ilipinda. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba kupinda huko kulikuwa kosa. Nchi yenye akiba inayozidi deni lake, katika mdororo mbaya kuliko yote tangu miaka ya 1930, ilikuwa na kila sababu ya kutumia. Lakini uhalali wa matumizi hayo ulitokana na akiba iliyowekwa miaka mitatu iliyotangulia, wala si na fomula. Serikali nyingine yenye fomula ileile na mfuko mtupu isingeweza kufanya vile.

Jambo la pili linahusu wataalamu. Bei rejea ilipanda kutoka dola 1.37 katika bajeti ya 2008 hadi dola 1.99 katika bajeti ya 2009, ongezeko la senti 62 kwa mwaka mmoja. Kwa kipimo chetu, hiyo ni zaidi ya dola bilioni 2 zilizohamishwa kutoka fungu la akiba kwenda fungu linaloruhusiwa kutumiwa. Makadirio hayo yalitolewa katikati ya mwaka 2008, bei ikiwa karibu na kilele chake. Kamati haikuwa na maslahi ya uchaguzi, lakini ilikuwa ikisoma magazeti yaleyale. Uhuru wa kisiasa huondoa upendeleo wa aina moja. Hauondoi mvuto wa bei ya leo katika kukadiria bei ya kesho.

Baada ya tetemeko la Februari 2010 mahitaji mapya yalizuka, na nakisi iliyotarajiwa kuwa ya muda haikuondoka kirahisi. Hadi mwisho wa muongo huo Mfuko wa Utengemavu haukuwa umerejea kwenye kiwango cha Desemba 2008. Baraza huru la kifedha lenye nguvu ya kisheria lilianzishwa mwaka 2019, miaka kumi baada ya kanuni kupinda.

Botswana na Zambia

Mifano miwili ya Afrika inaonyesha ncha mbili za jambo hili. Botswana, yenye Mfuko wa Pula tangu mwaka 1994, ilikumbwa na pigo kali kuliko la Chile: wanunuzi wa almasi walitoweka, na mapema mwaka 2009 kampuni ya Debswana ilisimamisha migodi yake kwa wiki kadhaa. Serikali haikutegemea akiba peke yake, bali ilikopa dola bilioni 1.5 kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Iliweza kukopa kwa masharti nafuu kwa sababu ilikuwa na akiba. Hiyo ni faida ya mfuko ambayo haionekani katika hesabu za salio.

Zambia ilipita njia tofauti. Ilianzisha kodi ya faida kubwa ya ghafla kwenye shaba mwaka 2008 na kuifuta mwaka 2009, na mrabaha wa migodi ya wazi ulipandishwa hadi asilimia 20 mwanzoni mwa 2015 kisha ukashushwa hadi asilimia 9 katikati ya mwaka huohuo. Katika miaka ya bei nzuri haikujenga mfuko wa akiba wa maana. Badala yake iliuza hatifungani za kimataifa za dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015. Bei ya shaba iliposhuka mwaka 2015 na kwacha kuporomoka, deni la dola likawa zito zaidi kwa kila shilingi ya kodi, tukiazima lugha ya nyumbani. Novemba 2020 nchi hiyo ilishindwa kulipa riba ya hatifungani zake.

Maswali kwa Tanzania

Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015 ilianzisha mfuko unaosimamiwa kupitia Benki Kuu, wenye akaunti ya kupokea mapato na akaunti ya akiba, na kuweka kiwango cha asilimia 3 ya pato la taifa kuwa kipimo cha mapato yanayokwenda katika bajeti. Kanuni hii ni tofauti na ile ya Chile kwa namna ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Kipimo cha Chile ni bei. Kipimo cha Tanzania ni ukubwa wa uchumi. Mapato ya gesi yakiwa chini ya asilimia 3, yote huweza kutumika, hata kama bei ya mwaka huo ni ya juu isivyo kawaida. Akiba haianzi mpaka mradi mkubwa wa gesi asilia iliyosindikwa utakapoanza kuleta mapato ya kiwango hicho. Katika kipindi chote cha mapato madogo, bajeti itafuata bei ya gesi ikipanda na kushuka.

La pili ni kwamba rasilimali inayoiingizia Tanzania fedha nyingi za kigeni kwa sasa ni dhahabu, na sheria ya 2015 haiihusu. Dhahabu nayo haifuati tabia ya shaba. Wawekezaji hukimbilia dhahabu uchumi wa dunia unapoyumba. Agosti 2020, watalii wakiwa wameacha kuja na idadi yao kwa mwaka ikishuka kwa zaidi ya nusu, wakia moja ilivuka dola 2,000. Mrabaha wa asilimia 6 uliowekwa mwaka 2017 ulileta mapato makubwa zaidi wakati uleule ambapo mapato ya hoteli, viwanja vya ndege na hifadhi yalikauka. Kwa hiyo mdororo wa dunia huiletea Tanzania hasara kwa mkono mmoja na nafuu kwa mwingine.

Hatari ya bajeti ya dhahabu inakuja baadaye, dunia inapopata nafuu. Mwaka 2013, uchumi wa Marekani ukiimarika, bei ya dhahabu ilishuka kwa zaidi ya robo. Anayenakili kanuni ya Chile kwa dhahabu ya Geita bila kuibadilisha atakuwa anaweka akiba katika mwaka ambao utalii unahitaji msaada, na kuchota katika mwaka ambao utalii umefufuka. Kinachohitaji kukadiriwa ni mapato ya dhahabu na ya utalii kwa pamoja, na bei rejea ya dhahabu peke yake haitoshi kwa kazi hiyo. Makadirio ya namna hiyo yangehitaji chombo kilicho nje ya Wizara ya Fedha, kinachochapisha takwimu zake kabla Bunge halijaanza kikao cha bajeti, na sheria iliyopo haijakiweka.